Buti Ikivuja, Asikatwe Dereva



Tumeomba nafasi katika karatasi hii ya chama tuseme neno ambalo mwanzoni litaonekana kuwa la gereji tu, wala si la chama. Ni habari ya mpira mmoja mdogo chini ya gari, unaovuja grisi. Tunamwomba msomaji asigeuze ukurasa upesi, maana ndani ya mpira huo mlikuwa na mshahara wa mtu.

Sisi tunaoandika ni wafanyakazi wa reli, kumi na wanne kwa hesabu, tunaokaa Kaloleni, Mbotela, Jericho na Maringo. Tuna kikundi cha akiba, na mwaka 2022 tulinunua pikapu iliyotumika, yenye kusukumwa na magurudumu yote manne. Kazi yake ni kuchukua mboga na nyanya kutoka mashamba ya upande wa Kamulu na Joska, njia ya Kangundo, kuzileta soko la Wakulima na Muthurwa kabla ya mapambazuko. Mchana hubeba matofali, saruji na mabati ya wenzetu wanaojenga. Tulimwandika kijana mmoja kuwa dereva kwa mshahara wa mwezi. Basi hapo ndipo sisi, watu wa chama, tulipogeuka kuwa matajiri wa mtu, wala hatukujua kwamba tumegeuka.

Mvua za Aprili na Mei mwaka 2024 kila mtu wa Nairobi anazikumbuka. Mathare na Mukuru maji yaliingia majumbani na watu walikufa. Huko mashambani udongo mweusi uligeuka uji, na pikapu yetu ikawa inalala kwa tumbo kila siku ya pili. Kikundi kilikutana, tukapiga kura, tukaamua gari liinuliwe. Dereva hakuulizwa. Nyuma fundi aliongeza mabapa mawili katika springi. Mbele gari letu halina springi. Lina nondo mbili ndefu zinazolala kwa urefu wa chasisi, mafundi huziita toshenibaa, ambazo hujinyonga gari likipanda shimo na kujinyongoa likishuka. Ukikaza bolti ya nondo hiyo, gari huinuka mbele bila kununua kitu chochote. Tulipenda sana neno hilo, bila kununua kitu. Fundi alikaza, sisi tukasema kaza tena, naye akakaza tena. Gari likasimama juu kama ngamia, tukalipiga picha.

Kabla ya miezi miwili kwisha, grisi nyeusi ilianza kuonekana ndani ya gurudumu la mbele la kushoto. Buti imepasuka, tukaambiwa. Tukanunua nyingine. Baada ya wiki saba ikavuja tena, safari hii upande wa kulia. Mara ya tatu ilikuwa kushoto tena. Kila mara shilingi 2,500, buti pamoja na kazi ya fundi. Mara ya kwanza mmoja wetu alisema, "Kijana huyu anaendesha vibaya, anaruka matuta." Hakuna aliyemwuliza aliona wapi. Mtunza fedha akaandika 2,500 katika mstari wa makato, na kadhalika mara ya pili, na mara ya tatu. Jumla 7,500.

Sasa tueleze kitu chenyewe, maana mtu asiyekijua hawezi kujua ni kwa nini tulikosa.

Gari ambalo injini yake huvuta magurudumu ya mbele lina tatizo ambalo mkokoteni hauna. Gurudumu la mbele hupanda na kushuka, tena hukata kona, na wakati huo huo lazima lizungushwe kwa nguvu ya injini. Kwa hiyo ile ekseli fupi itokayo katika difu mpaka gurudumuni haiwezi kuwa chuma kimoja kilichonyooka. Ina viungo viwili, kimoja karibu na difu na kimoja karibu na gurudumu. Mafundi wa Kirinyaga Road na Kariobangi huviita sivi. Kiungo cha nje kina gololi sita za chuma zinazokimbia katika mifereji, nacho hupinda sana kwa sababu ya usukani. Kile cha ndani mara nyingi kina vigurudumu vitatu, nacho hupinda kidogo tu, lakini huingia na kutoka ili ekseli ipate urefu unaotakiwa gurudumu likipanda na kushuka. Kazi hii si ya jana; hata yale magari madogo ya Mini yaliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1959 yalikuwa na viungo vya gololi vya namna hii.

Viungo hivyo huishi kwa grisi. Buti ndiyo mfuko wa kuishika grisi ndani na kuzuia mchanga na maji nje. Ina mikunjo kama kinanda cha kuvuta, na imefungwa kwa klipu mbili, kubwa mdomoni na ndogo shingoni.

Difu imefungwa kwa bolti chini ya chasisi. Gurudumu liko chini, haliwezi kupaa. Ukiinua chasisi, difu hupanda pamoja nayo, gurudumu hubaki pale pale, na ekseli iliyokuwa karibu kulala sawasawa sasa huteremka kama paa la nyumba. Mikunjo ya buti upande wa chini hubanana, ya juu hunyooshwa. Na ekseli inazunguka, kwa hiyo kila mkunjo hupita chini ukabanwa, ukapita juu ukavutwa. Tulipima tairi letu, tukapiga hesabu: kila kilomita moja gurudumu huzunguka zaidi ya mara 400. Safari ya kilomita 30 ni mara 12,000 na zaidi, kwenda peke yake. Mpira gani utavumilia kusuguana na nafsi yake mara 12,000 kila alfajiri? Juu ya hayo, kiungo kinachopinda kupita kiasi hupata joto, hewa iliyo ndani ya buti hutanuka, na grisi husukumwa itoke chini ya klipu hata kama mpira haujapasuka.

Wala msidhani kwamba kuacha kutumia magurudumu manne huokoa. Katika pikapu nyingi za siku hizi ekseli za mbele huzunguka pamoja na gurudumu hata injini isipozivuta. Dereva akienda barabara ya lami ya Jogoo taratibu kabisa, buti inasagika vile vile.

Haya yote hatukuyajua, nasi ni watu wa ekseli! Hapo ndipo aibu yetu ilipo. Katika reli mtu akisikia kwamba boksi la ekseli ya behewa limechemka, haanzi kwa kumtafuta dereva wa garimoshi. Behewa hutolewa katika msafara. Huandikwa namba yake, ni boksi la upande gani, grisi ilikuwaje, beringi ilikuwaje, na mzigo ulikaaje. Wazee waliotutangulia, enzi za injini za moshi, walikuwa wakipita kando ya mabehewa kituoni na kugusa kila boksi kwa mgongo wa mkono. Yule aliyeruka moja hakuitwa mfanyakazi. Sisi tumelelewa katika desturi hiyo, tena tunajisifu nayo. Tukitoka langoni na kwenda kwenye pikapu yetu wenyewe, tukaiacha langoni.

Aliyetufungua macho ni fundi mwingine, mzee wa jua kali huko Kariobangi, tuliyempelekea gari Januari mwaka 2025 kwa buti ya nne. Hakugusa spana. Aliinama, akatazama, akauliza, "Gari hili nani aliliinua?" Tukasema ni sisi. Akasema, "Basi msininunulie buti. Nileteeni tepu ya kupimia."

Tutaeleza alivyofanya, kwa faida ya wenzetu wenye magari au wanaoyaendesha.

Kwanza alitaka kujua ni nini kinachovuja. Watu husema "inavuja" kana kwamba chini ya gari kuna kitu kimoja tu. Grisi ya kiungo ni nzito na nyeusi, hainuki sana, nayo hurushwa kwa duara ndani ya rimu, juu ya shokomzoba na juu ya breki. Ikiwa imerushwa upande wa gurudumu, tazama buti ya nje. Ikiwa imetapakaa karibu na difu, tazama ya ndani. Mafuta mepesi yenye harufu kali ya kiberiti ni ya difu, na hiyo ni sili ya difu wala si buti. Mafuta mepesi mekundu huenda ni ya usukani. Na majimaji yaliyo wazi au ya manjano, yanayobabua rangi, ni ya breki. Hapo gari lisiondoke. Alitueleza kwamba ameona watu wakibadilisha buti mbili huku mafuta yanatoka kwenye sili.

Kisha aliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akakausha kwa kitambaa, akamtuma dereva aende mpaka Outer Ring na kurudi. Gari chafu, alisema, haliwezi kutoa ushahidi. Liliporudi tuliona alama mpya ya grisi, nyembamba, kwenye klipu ndogo ya buti ya ndani. Mpira wenyewe ulikuwa mzima.

Baadaye alipima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi. Kisha akapima pikapu nyingine ya namna ile ile, isiyoguswa, ya jirani yake. Yetu ilikuwa juu kwa inchi 3 kasoro kidogo. Akapandisha gari kwa jeki, akaweka vigogo chini ya chasisi (jeki peke yake isiaminiwe, wengi wameumia), akatuambia tuzungushe gurudumu kwa mkono polepole na kutazama. Gurudumu likining'inia, mikunjo ya buti ilikuwa inasagana wazi wazi, mtu yeyote angeona. Tulinyamaza.

Akauliza ziko wapi buti za zamani. Mbili tulikuwa tumezitupa. Ya tatu dereva alikuwa ameiweka chini ya kiti, bila kutuambia. Mzee aliigeuza ndani nje. Akatuonyesha kwamba buti iliyokatwa na jiwe au kijiti huwa na jeraha moja, mahali pamoja, lenye kingo safi. Hii ilikuwa imelika katika bonde la mikunjo miwili, kuzunguka pande zote, kama ukosi wa shati la kazi. Tena shingoni palikuwa na alama mbili za klipu: mahali ilipofungwa, na mahali ilipoteleza. Na klipu yenyewe haikuwa ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi wetu wa kwanza alikuwa ameongeza blada ya tairi, ile tunayofungia mizigo kwenye baisikeli. Tulikuwa tumemwambia apunguze bei.

Matengenezo hayakuwa ya ajabu. Alilegeza toshenibaa pande zote mbili mpaka mbele pakabaki juu kwa inchi 1 tu. Alifungua viungo, akaviosha, akatazama gololi na mifereji kama ina mashimo. Kimoja kilikuwa kimeanza kuchakaa lakini bado kinafaa. Akatia grisi mpya ya sivi, ile nyeusi yenye molibdenamu, kwa kipimo, maana ikijazwa kupita kiasi itatafuta mlango yenyewe. Akafunga buti zenye ukubwa wake na klipu za chuma, huku gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, si likining'inia. Mwenye kutaka gari lake libaki juu zaidi, alisema, ashushe na difu kwa kuiwekea vipande vya chuma kati yake na chasisi, ili ekseli irudi kulala; na kupita inchi 2 bila kufanya hivyo ni kutafuta kununua buti kila robo ya mwaka. Pia atazame paipu za breki kama hazivutiki, boli jointi kama hazijafika mwisho, na magurudumu yapangwe upya, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Tangu siku hiyo ni miezi na miezi. Buti ni kavu.

Kuna magari ambayo maneno haya hayayahusu. Lori la kawaida na matatu kubwa huvutwa na magurudumu ya nyuma. Mbele hazina buti ya namna hii. Na yale magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser za polisi, difu hupanda na kushuka pamoja na magurudumu, kwa hiyo kuyainua hakubadili mpindo wa kiungo. Yakivuja grisi pale gurudumuni, tafuta sili. Tunasema haya kwa sababu mwenzetu mmoja wa Bahati alisikia habari yetu akataka kushusha lori la shemeji yake.

Wenzetu watatu katika kikundi bado wanasema dereva naye hana usafi wote. Tumewasikiliza. Ni kweli kwamba dereva anaweza kuvunja kiungo. Akikata usukani mpaka mwisho na kukanyaga petroli ndani ya tope, gololi huumia. Na kiungo kilichoumia husema chenyewe, hulia ka-ka-ka kwenye kona. Chetu hakikulia. Akipita juu ya vichaka, buti hukatwa, yetu haikukatwa. Mwenye kudai kwamba mtu ameharibu, yeye ndiye wa kuonyesha uharibifu, nasi tulikuwa tumetupa ushahidi kwenye jalala la Maringo na kushika kalamu.

Na sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humpa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibiwa ikiwa uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, ndugu zangu. Haisemi bahati mbaya, wala haisemi "tumemfikiria". Tena makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita thuluthi mbili za mshahara. Kifungu hiki tumekisoma mara ngapi katika mikutano, tukiwasomea wakubwa wa kazi? Mwaka 1935 Makhan Singh alipokifungua chama cha wafanyakazi hapa Nairobi kwa watu wa makabila yote, hakusema kwamba wenye pikapu watasamehewa.

Tunavyoona sisi, kila kikundi cha wanachama chenye gari, tingatinga au mashine ya kusaga kifanye kama reli ifanyavyo kwa boksi lililochemka: kitu kitazamwe kwanza, kiandikwe, na kilichoharibika kiwekwe mpaka shauri liishe. Swali la kwanza katika karatasi hiyo liwe hili: je, mwenye mali amebadilisha kitu gani katika chombo tangu kilipotoka kiwandani? Madereva wengi wa Eastlands wanakatwa kwa springi zilizovunjika chini ya magari yaliyoongezwa viti, na kwa tairi zilizoisha chini ya magari yaliyoinuliwa, nao hawana wa kuwatetea kwa sababu tajiri wao ni mtu mwenye gari moja tu, tena ni jirani, tena wakati mwingine ni mwanachama wetu. Chama kisiogope kusema nao kwa kuwa ni wetu.

Dereva wetu tumemrudishia 3,750, nusu ya fedha zake, na nusu ya pili atapewa mwisho wa mwezi huu. Alipopewa alizihesabu mbele yetu, akatia sahihi, akaenda kazini. Shauri la wale watatu litasikizwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, Kaloleni. Pikapu itakuwapo, na jeki, vigogo na tepu ya kupimia vitakuwapo, na mwenye gari lililoinuliwa aje nalo tulipime. Dereva ameahidi kuja. Ile buti ya tatu ataileta mwenyewe, maana amesema hataki ilale kwetu.